Neno Lililongoja Ndege Ipite

Sogeeni kidogo mnipe nafasi. Benchi hili hubeba watu watano, na dele ndiyo kwanza limetoka kwenye makaa.

Jana nilikwenda Malindi kumpokea mpwa wangu aliyetoka Nairobi. Ndege ilikuwa ya saa tisa alasiri, nami saa saba nimeshateremka kwenye matatu, hapo barabara ya Mombasa inapopita mbele ya uwanja wa ndege. Ni mazoea ya tangu utotoni, uwanja ule nilifundishwa kuuendea mapema. Basi miguu ikanipeleka yenyewe upande ule tuliokuwa tukikaa, nikainua macho kutafuta kivuli. Hakuna kivuli. Hakuna hata kisiki. Nikasonya. Msonyo ulinitoka kwa nguvu hata kijana mmoja wa ulinzi akageuka, akadhani namsonya yeye. Ikabidi nimfuate nimtake radhi. "Mwanangu, si wewe. Hapa palikuwa na mkilifi." Akatazama chini, akatazama juu, akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, mimi hapa nimepakuta hivi hivi."

Neno hilo limenikesheza usiku kucha. Nimepakuta hivi hivi! Mzaliwa wa Malindi, miaka ishirini na kitu, anasimama kutwa juu ya mahali ambapo nusu ya mji ilikuwa ikija kupumzika, na kwake pale ni changarawe tu na jua.

Basi leo mtanivumilia. Nyinyi wawili mliokuwapo mtanirekebisha nikikosea. Na nyinyi vijana mliokuja kuchaji simu, kaeni hapo hapo msikie.

Jumapili zile, tukishakula, tulitoka hapa njia panda ya Watamu kwa baiskeli, mmoja anakanyaga na mwingine amebebwa nyuma, tukapita Msabaha kando ya lami, jua la utosi, tukafika uwanjani migongo imelowa. Zaidi ya kilomita 10 kwenda, na kurudi vivyo hivyo, ili kutazama ndege moja ikitua. Hakuna aliyetuona wapumbavu, maana tuliwakuta wenzetu wamekwisha kutandika. Mama na kanga zake mbili, moja ya kukalia, moja ya kumfunika mtoto asipigwe na upepo wa ndege. Mabibi arusi wa wiki iliyopita wakitembezwa na waume zao. Wazee wa Kigiriama na fimbo zao, mabaharia wastaafu wa Shela, wapishi wa hoteli waliokuwa na mapumziko ya mchana. Kulikuwa na ua wa waya, ndiyo, lakini ua wa kuonea. Mtoto alishika waya kwa vidole vyote kumi, akaegemeza paji la uso, akangoja.

Uwanja wenyewe si mkubwa. Njia yake ya kurukia ni kama kilomita 1.4, ndiyo maana ndege kubwa za watalii kutoka Milano na Roma zilikuwa zikitua Mombasa, wageni wakaletwa kwa mabasi, wakapita hapa hapa Gede. Na kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, mabasi hayo yalipanga foleni ya feri pale Mnarani, hata yakifika kwetu wageni walikuwa wekundu kama embe dodo. Malindi zilitua ndege za kadiri yake: Fokker za Kenya Airways, na vile vidogo vya watu wachache vinavyokwenda Lamu. Wakubwa zetu walizisifu Dakota za East African Airways, kabla ya shirika lile kuvunjika mwaka 1977. Na wakubwa wao walikuwa na habari za ndege ambazo hazikuja kutua: mwaka 1940, vita vikuu vya pili vikiendelea, ndege za Italia zilikuja kudondosha mabomu Malindi. Alikuwapo mzee mmoja aliyekaa nasi pale mtini, kila ndege ilipopita chini aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi. Sisi watoto tulidhani ni uzee. Nilikuwa mtu mzima, na mji umeshajaa nyumba na mikahawa ya Waitaliano, ndipo nilipoambiwa alikuwa kijana mwaka ule wa mabomu.

Sasa huo mti. Mkilifi, wenzetu wa bara huuita mwarubaini, mmea mchungu wa dawa nyingi. Huu wa uwanjani ulikuwa umeinama kuelekea barabarani kwa kusukumwa na upepo wa kusi, kwa hiyo kivuli chake kilikuwa kirefu upande mmoja, na kila saa kikihama watu walihama nacho. Ungeweza kujua saa kwa kumtazama muuza kahawa amekaa wapi. Adhuhuri alikuwa amekaribiana na shina. Ndege ya jioni ikifika, dele lake na ndoo yake ya kusuuzia vikombe viko karibu na mtaro wa barabara, na sisi sote tumemfuata hatua kwa hatua bila mtu kusema twende.

Kahawa chungu, tangawizi imepondwa kwa mkono. Kashata za njugu zimepangwa kwenye sinia. Aligonganisha vikombe viwili kwa vidole vya mkono mmoja, mlio ule ule mnaousikia hapa, ila wake ulikuwa na mwendo wake, na madereva wa teksi waliuelewa wakiwa kwenye Peugeot zao: huu ni wa kahawa mpya, huu ni wa kuwaambia ndege imeonekana. Naam, yeye alikuwa akiiona kwanza. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa na mitambo yake, lakini sisi tulimwamini yeye. Alikuwa akisema "hiyo," bila kunyoosha mkono, na baada ya muda mrefu kweli unaona kidoa juu ya msitu wa Arabuko.

Na ndege ikisha kuja, kulikuwa na sheria. Haikuandikwa, hakuna aliyejua ilianza lini. Injini zikianza kunguruma, anayesema ananyamaza pale pale alipofikia, hata kama ni katikati ya jina la mtu, na neno linabaki lake. Utamwona mtu ameinua kidole, "basi yule mwanamke akamgeukia, akamwambia..." na ndege inapita juu yetu, majani ya mkilifi yanamwagika, macho yote juu, vumbi, watoto wanapiga vigelegele kwenye waya, injini zinashuka sauti, zinazima, na kidole cha yule mtu bado kimeinuliwa. Hakuna anayedakia. Hakuna anayeleta habari yake mpya. Wote wanamrudia yeye kwa macho, naye anaendelea: "...akamwambia, nyumba ni yangu." Nimekaa kamati nyingi tangu hapo, za shule, za bomba la maji, za harusi na za matanga. Sijawahi kuona watu wakimtunzia mtu neno lake namna ile.

Mimi nadhani, na nyinyi mtakataa mkitaka, kwamba sheria ile ndiyo iliyotufanya tuwe kijiwe. Watu kukusanyika kivulini ni jambo la kila siku. Ng'ombe pia hukusanyika. Pale tulijifunza kungoja pamoja, na kumngojea mtu mwenye kigugumizi, na mzee wa kuanza habari tangu ukoloni, na yule asiyekuwa na Kiswahili kizuri aliyeteremka jana kutoka bara kutafuta kazi hotelini. Ndege ilichelewa saa mbili, saa tatu, na hakuna aliyekasirika, maana kuchelewa kwake kulitupa nafasi ya habari nyingine.

Hapo ndipo nilipozijua habari za Ngomeni. Waliofanya kazi na Waitaliano kwenye kituo cha kurushia roketi cha San Marco walikuja kupokea mizigo na wakubwa zao, wakakaa nasi. Wao ndio waliotusimulia habari za tarehe 12 Desemba 1970, roketi ilipoondoka kwenye jukwaa la chuma huko baharini, imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wetu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutumwa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Wanasayansi wa Marekani wanaitaja hadi leo. Sisi tuliijadili chini ya mkilifi: je, bado inazunguka? Ikianguka itaangukia shamba la nani? Mtoto wa miaka kumi kusikiliza mabishano hayo, akarudi nyumbani Gede kwa baiskeli huku nyota zinatoka, mnafikiri aliona mbingu ile ile aliyokuwa akiiona asubuhi?

Na redio. Ilining'inizwa kwenye tawi kwa kamba ya katani. Mpira ukitangazwa na Leonard Mambo Mbotela, hata abiria waliotoka ndani na masanduku yao walisimama. Mwezi Februari mwaka 2025 habari ya kifo chake ilipotangazwa, nilikuwa hapa hapa kwenye benchi, na kitu cha kwanza nilichokiona machoni ni tawi lile na kamba ile.

Si mkilifi peke yake. Mbele kidogo, karibu na lango la magari, alikaa hawe mmoja, bibi kizee, na karai lake la mahamri, mbaazi ziko kwenye sufuria iliyofunikwa kwa sahani ya bati. Alikopesha wapagazi wote, na hesabu aliiweka kichwani, kwa majina ya baba zao. Upande wa pili wa barabara, ukipita mikorosho, kulikuwa na mangwe, pale pa kunywea mnazi. Siwezi kusema nilikuwa mnywaji, lakini nilitumwa. Waliomaliza zamu walikaa kwenye magogo, mboko kwa mrija, mnazi umegemwa asubuhi, na pale ndipo zilipokatwa kesi ambazo leo zingekwenda kwa chifu: nani alimchukulia mwenzake mteja, nani alipewa bakshishi ya watu wawili akaila peke yake. Kosa likithibitika, mkosa ananunua mboko inayofuata, na yeye ndiye anayekunywa mwisho. Minazi ile imekatwa, mashamba yamegawanywa vipande, na palipokuwa mangwe kuna ukuta wa mawe na lango la chuma. Mikorosho nayo ilikosa thamani tangu kiwanda cha Kilifi kilipofungwa miaka ya 1990, ikawa kuni.

Nipe kikombe kingine, kaka. Sasa nifike kwenye mwisho wa kijiwe kile.

Watu husema uwanja uliharibika kwa sababu ya utalii kuanguka. Hilo ni la baadaye. Mimi siku naijua. Tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi, gari la mabomu liliingia hoteli ya Paradise kule Kikambala, huku huku Kilifi, na wakati huo huo makombora mawili yalirushwa kwenye ndege ya Arkia iliyokuwa ikiondoka uwanja wa Mombasa. Makombora yalikosa shabaha. Mabomu ya Kikambala hayakukosa. Wengi wa waliokufa walikuwa Wakenya, na miongoni mwao wachezaji ngoma, watoto wa kwetu, waliokuwa wamesimama mlangoni kuwachezea wageni waliotoka kwenye ndege. Walikuwa na kazi ile ile ya kungoja watu wafike. Nikiwakumbuka hadi leo koo hunikauka.

Baada ya siku hiyo, mtu kukaa kando ya uwanja wa ndege akitazama ndege ikishuka hakuwa tena mtu anayetazama ndege. Alikuwa swali. Anatazama nini? Anahesabu nini? Na akiwa amevaa kanzu na kofia, swali likawa kubwa zaidi. Wenzetu Waislamu walilijua hilo kabla yetu, wakaacha kuja mmoja mmoja bila kuaga. Muuza kahawa alikuwa mmoja wao. Aliulizwa mara mbili ana kitambulisho, mara ya tatu hakuja. Miaka thelathini alikuwa wa kwanza kuiona ndege, na ikawa ndiyo hatia yake.

Sikatai ulinzi. Niwe wazi hapo, nisije nikasemwa. Waliokufa Kikambala walistahili kulindwa, na abiria wanastahili kulindwa, na mpwa wangu aliyekuwa angani jana alistahili kulindwa. Ua uwekwe, hata ukuta uwekwe. Lakini mti ulikuwa nje ya ua! Mti ulikuwa upande wa barabara, umekaa na wapita njia, hauna lango wala hauna siri. Waliokata walikata kwa nini? Nimeuliza watu wengi miaka yote hii. Mmoja akaniambia majani yalikuwa uchafu. Mwingine, ulizuia watu kuona bango. Mwingine akaniambia neno ambalo sijalisahau: ulikuwa unawapa watu sababu ya kukaa.

Tch!

Hayo mengine yalikuja kukuta kijiwe kimeshakufa. Mwaka 2014 nchi za Ulaya zilionya raia wake juu ya pwani yetu, hoteli zikafunga, Malindi ikajaa majengo meupe yenye nyasi kwenye varanda. Mwaka 2020 korona ikasimamisha ndege kabisa. Za ndani hazikuruka tena mpaka Julai. Sasa zinatua, tena zimejaa, watu wa Nairobi wanakuja kwa wikendi, nauli si ya wageni peke yao tena, na hilo nalifurahia. Na upo mpango wa kuirefusha njia ya kurukia ifike kilomita 2.5 ili ndege kubwa zitue hapa hapa. Umezungumzwa miaka na miaka, na wenye nyumba na mashamba ya jirani wameishi na neno fidia masikioni hata watoto wao wamekua nalo. Ukija, uje na kazi. Lakini sijasikia hata mara moja mtu akiuliza kwenye mpango huo wasindikizaji watakaa wapi.

Kwa maana uwanja wa ndege una watu wa aina mbili. Kuna wanaosafiri, hao wamejengewa viti. Na kuna wanaobaki. Mama aliyemleta mwanawe anayekwenda kufanya kazi za ndani Saudia, anaanzia hapa Malindi kwa ndege ndogo kwenda Nairobi. Mama huyo anasimama wapi akisha kumwachia mkono? Zamani alikaa chini ya mkilifi. Alikaa mpaka ndege ikaruka, mpaka ikawa kidoa, mpaka hawe wa mahamri akamletea chai bila kuulizwa na bila kudai. Jana nilimwona mmoja. Amesimama juani na mkoba wake, anapungia ukuta.

Sisi wa Gede ilikuwa tuyaelewe haya kuliko wote, maana tumezaliwa kando ya mji uliohamwa. Watoto wote hapa wamepelekwa na shule kwenye magofu. Msikiti mkubwa, kisima, kaburi lenye tarehe ya mwaka 1399, mizizi ya miti imekumbatia kuta. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba pale kati ya 1948 na 1958, na alipokuwa hajui nyumba ni ya nani, aliipa jina la kitu alichokiokota ndani yake. Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Kasha la Pembe. Nyumba ya Kauri. Mwenye mkasi hatumjui, lakini mkasi wake umempa mlango wa kuitwa. Hadi leo wasomi wanabishana kwa nini watu waliondoka: wengine wanataja maji ya visima kushuka, wengine wanataja vita. Na mwaka 2024 UNESCO iliutia mji huo katika urithi wa dunia, nasi tulipiga vigelegele, na haki yetu.

Basi jana, nilipokuwa pale juani na yule kijana wa ulinzi, hilo lilinijia, nikaanza kuchakura changarawe kwa kiatu. Nilipata vizibo vya soda, vimeliwa na kutu, vimebanwa ardhini kama sarafu. Watoto walivitumia kama kete za dama. Nikamwonyesha. Nikamwambia, hapa ni Nyumba ya Vizibo. Nikamtembeza. Pale kwenye mtaro, Nyumba ya Dele. Pale langoni, Nyumba ya Karai. Ng'ambo kwenye ule ukuta wa mawe, Nyumba ya Mboko. Kijana hakunicheka. Aliniuliza mti ulikuwa wapi hasa, shina lake, akaenda akasimama hapo hapo. Akasema, "Kwa hiyo saa hizi ningekuwa kivulini." Ndiyo, mwanangu. Ungekuwa kivulini tangu asubuhi. Yeye haruhusiwi kukaa, mnajua hilo? Saa kumi na mbili za zamu kwa miguu.

Nataka niwatetee vijana hapa, na nyinyi wawili msininunie. Tunawasema sana. Tunasema wameshika simu, wametafuna muguka mpaka midomo imekuwa kijani. Mwaka 2024 hata magavana wa Mombasa na Kilifi walitangaza kuupiga marufuku, kelele zikawa nyingi, mambo yakaishia mahakamani. Mimi muguka siupendi, nimeona ulichofanya kwenye nyumba za watu. Lakini kijana wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki yake kutwa, juani, miguu inaning'inia, kwa sababu hakuna aliyempandia mti. Sisi tulikuta umepandwa. Nani aliupanda? Hatukuuliza hata siku moja. Tulikula kivuli cha mtu tusiyemjua, na wakati wa kukatwa hatukwenda kusimama mbele ya shoka. Tulikaa hapa Gede tukasikia kwa watu. Nami nilikuwa hapa. Nilisema "jamani," nikaomba kikombe kingine.

Na simu nazo zimeua kungoja. Mpwa wangu amenitumia ujumbe ndege ingali inatembea chini: nimetua. Dakika kumi baadaye yuko mbele yangu, begi moja, gari ameshaliita. "Mjomba, mbona umekuja mapema hivyo? Si ungekaa nyumbani nikupigie?" Ameuliza kwa upendo, najua. Kwenye gari nilitaka kumweleza habari za sheria ya neno, lakini dereva alikuwa na muziki, na yeye alikuwa akiwajibu watu.

Lakini kuna jambo dogo sijawasimulia. Kabla ya ndege ya mpwa wangu kutua, nilikuwa namweleza yule kijana juu ya mzee aliyeinamisha kichwa. Nimefika pale pale penyewe, "nikamuuliza mama, kwa nini mzee huyu..." na injini zikaingia juu yetu. Mimi nikanyamaza, kidole kimeinuka chenyewe. Kijana naye akanyamaza, lakini kwa kuwa hakusikia kitu. Ndege ikapita, ikagusa chini, ikanyamaza. Nikamtazama. Akasema, "Haya mzee, ngoja nikafungue lango." Akaondoka. Si kosa lake, ana kazi. Nikabaki na kidole changu juani na neno langu mdomoni.

Ndiyo maana nimekuja hapa moja kwa moja asubuhi hii. Kuna miche ya mkilifi inaota kwa fujo nyuma ya choo cha msikiti, mnaiona kila siku. Nimeomba mitatu, nimepewa. Kijana wa ulinzi amenipa namba yake, amesema yeye atamwagilia, ila upandwe upande wa barabara, na tumwombe mwenye kipande kile kwa maandishi kwanza ili asije akaulizwa yeye. Barua mtanisaidia kuandika, wewe hapo una mwandiko mzuri. Tuandike kwamba sisi tuliokuwa tukikaa pale, na majina yetu, na miaka yetu, na kwamba tunaomba...

Ngoja.

Hiyo.

Naisikia, iko upande wa Watamu. Iko juu sana, haitasumbua mtu, lakini tazameni mzee yule na kete yake ya bao, ameishikilia hewani hajaitia shimoni. Na muuza kahawa ameacha kugonga vikombe.